Stesheni ya Kongwa: Reli ya Karanga Iliyowapokea Wapigania Uhuru

Treni iliacha kufika Kongwa kabla Tanganyika haijapata uhuru. Reli ya tawi iliyotoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, iling'olewa, na stesheni ikabaki peke yake katika nyika ya Ugogo, mkoani Dodoma. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mzigo mmoja, karanga, na mzigo huo haukupatikana. Miaka michache baadaye, mahali hapohapo walifika vijana kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na Namibia. Walikuja kujiandaa kuzikomboa nchi zao, na eneo la stesheni iliyoachwa likawa makazi yao.

Maisha mafupi ya stesheni hii yanatuonyesha jambo ambalo nchi yetu inapaswa kulikumbuka kila inapochora njia mpya ya reli. Reli huishi kwa mizigo na abiria wa mahali inapopita. Mzigo ukiamuliwa na watu walio mbali, bila kuwauliza wanaoijua ardhi, fedha zote za dunia haziwezi kuiokoa stesheni.

Njia ya misafara na Reli ya Kati, hadi 1914

Ugogo ni nchi ya njia tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikakatiza nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ikaingia kwa Wagogo. Watemi wa huko walitoza hongo kwa wapitaji, nao walikuwa na haki: visima vilikuwa vichache, na kila msafara uliokunywa ulipunguza maji ya wenyeji na mifugo yao. Thamani ya maji ilifahamika kwa kila mtu aliyeishi hapo.

Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, walifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo ya misafara. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kati ya Kilosa na Dodoma ilifuata kwa sehemu bonde la mto Kinyasungwe, ikazaa stesheni ndogo kama Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali na Igandu. Kongwa iliachwa kando, upande wa kaskazini. Palikuwa na wafugaji, mashamba ya mtama na uwele, na misheni ya Kianglikana.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, Ugogo ilipata njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Wagogo walijifunza tena kwa uchungu kwamba mvua yao haitabiriki, na kwamba usalama wa kaya uko katika kuwa na mifugo, mtama unaovumilia jua, na jamaa walioko mbali wa kukimbilia. Elimu hiyo ilikuwepo Kongwa, vichwani mwa watu, karibu miaka 30 kabla wataalamu wa karanga hawajafika.

Uingereza yatafuta mafuta, 1946

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini meza zake zilikuwa tupu. Mafuta ya kupikia na majarini vilitolewa kwa mgawo, na fedha za kigeni za kununulia nje zilikuwa haba. Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni ya kundi la Unilever, aliona suluhisho katika ardhi aliyoiona Tanganyika: kufyeka pori kwa mashine na kupanda karanga kwa kiwango ambacho Afrika haikuwahi kukiona.

Serikali ya chama cha Labour ililipokea wazo hilo kwa moyo wote. Ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa angani ndani ya ndege, wakaandika ripoti iliyopendekeza kulima zaidi ya ekari milioni 3.2. Sehemu kubwa ingekuwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Makisio ya gharama yalikuwa kama pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea mpango huo bungeni.

Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Urambo magharibi ya Tabora, na Nachingwea kusini. Kongwa ikawa ya kwanza kwa sababu ilikuwa karibu na reli iliyokuwepo tayari. Pori lake lilionekana tupu kwa aliyelitazama kutoka juu. Utupu huo ulikuwa na sababu. Wagogo waliyaacha maeneo hayo kwa malisho ya msimu kwa kuwa waliyajua.

Msagali yaelemewa, 1947–1948

Kundi la kwanza la wafanyakazi wa mpango lilifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947, likapiga mahema. Wakati huo, kwao, treni ilikuwa inaishia Msagali. Stesheni ile ndogo, iliyozoea kushusha magunia machache na abiria wa kijijini, ghafla ilianza kupokea mashine za tani nyingi. Kila kitu kilishushwa hapo na kupakiwa kwenye malori yaliyokwenda Kongwa kwa barabara ya vumbi, ambayo masika iliigeuza tope.

Mashine zenyewe zilikuwa za kuokoteza, kwa sababu dunia ilikuwa na uhaba wa matrekta mapya. Yalinunuliwa makatapila yaliyotumika na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka. Kiwanda cha Vickers nchini Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo kuliko uwezo wake. Reli nayo, yenye njia moja tu, ilikuwa na maadui wake wa siku zote katika bonde la Kinyasungwe: mafuriko yanayokata tuta na kusimamisha treni.

Hapo ndipo lilipoamuliwa kujengwa tawi la reli kutoka Msagali hadi Kongwa, umbali usiozidi kilomita 30, na kuliendeleza hadi Hogoro, ndani ya eneo la mashamba. Lilijengwa kwa upana uleule wa mita moja, ili mabehewa kutoka bandarini yafike bila kupakuliwa njiani. Mwezi Mei 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa East African Railways and Harbours. Tawi la Kongwa likawa miongoni mwa matawi machanga ya shirika hilo jipya, na Kongwa ikawa na stesheni.

Kwa mara ya kwanza mtu wa Kongwa aliweza kupanda treni karibu na kwao. Lakini treni hiyo ilikuwa na upande mmoja wa kazi. Ilipanda imejaa: matrekta, mapipa ya mafuta, saruji, mabati, mbegu za karanga, mahitaji ya wageni. Ilipaswa kushuka imejaa karanga. Hesabu zote za tawi lile zilisimama juu ya safari ya kurudi.

Mji uliokua kwa haraka

Kuzunguka stesheni uliota mji. Palikuwa na karakana, maghala, hospitali, na shule ya bweni ya watoto wa Wazungu. Nyumba za wakubwa zilikaa kwenye mtaa ambao wenyewe waliuita Millionaires' Row, mtaa wa mamilionea. Wafanyakazi Waafrika, maelfu kwa maelfu, walitoka kila pembe ya nchi kuja kutafuta mshahara. Wakajikuta wakiishi kwa msongamano, huku bei ya chakula ikipanda kila siku, kwa sababu mji mzima ulikuwa ukila kutoka katika nchi yenye akiba ndogo.

Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai ujira bora. Mgomo ule ulisafiri kwa reli, stesheni hadi stesheni, na kabla ya mwaka kuisha wafanyakazi wa Kongwa nao walikuwa wameweka zana chini. Hili ni jambo la kulitazama kwa makini. Njia iliyojengwa kubeba mali ilibeba pia habari. Dereva, fundi, karani na kibarua, waliotoka makabila tofauti na kuzungumza Kiswahili, walijifunza kwenye njia hiyo kwamba kilio chao kilikuwa kimoja. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, chama cha TANU kilizaliwa, na miji ya reli ilikuwa miongoni mwa ngome zake za mapema.

Ardhi yakataa, 1947–1950

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata ekari 10,000. Miti ya juu iliangushwa kwa urahisi kiasi, matrekta mawili yakivuta mnyororo mzito kati yao. Mizizi ndiyo iliyoshinda. Pori la Kongwa lina vichaka ambavyo chini ya ardhi ni vikubwa kuliko juu, na kila jembe la chuma lilikutana na mtandao wa mizizi usioisha. Mibuyu ilihitaji vita vyake peke yake, na nyuki waliokaa ndani yake waliwatimua waendesha matrekta.

Adui mkubwa zaidi alikuwa udongo. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama kuelekea chini na kupenya ardhini, na ncha yake huvimba humo gizani hadi ikawa ganda lenye mbegu. Zao hili linahitaji udongo mwepesi mara mbili: kwanza kikonyo kiweze kuingia, halafu mkulima aweze kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua inaponyesha unalainika, lakini jua likirudi unakauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa zilifungwa ardhini. Humo ndani mlikuwa pia na mchanga mkali uliokula majembe ya chuma kama tupa.

Mvua nayo haikufuata ripoti. Kongwa hupata kwa wastani kama milimita 500 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na wastani huo huficha miaka ya ukame ndani yake. Msimu wa 1949 ulikuwa wa jua. Walijaribu alizeti, walijaribu mtama, lakini hasara ilikuwa imeshakomaa. Tangu mwaka 1948 mpango ulikuwa mikononi mwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation, lakini kubadili uongozi hakukubadili udongo. Kwa miaka miwili ya mwanzo mavuno yalikuwa takriban tani 2,000, pungufu ya mbegu zilizoletwa kupandwa. Treni iliyopandisha mbegu Kongwa haikupata karanga za kushusha.

Reli yang'olewa, 1951–1956

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Yaliyofuata Kongwa yalikuwa maisha ya kawaida ya mji uliokimbiwa. Wafanyakazi walirudi makwao au wakahamia kwingine kutafuta kazi. Mashine zilizofaa ziliuzwa, zisizofaa zikaachwa zishike kutu. Sehemu ya mashamba iligeuzwa malisho, na hapo ndipo ulipoanza ufugaji wa kisasa ambao leo tunaujua kama Ranchi ya Kongwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba wataalamu walirudi mwishowe kwenye jibu ambalo Mgogo yeyote angewapa siku ya kwanza: nchi hii ni ya ng'ombe.

Tawi la reli halikuwa na sababu tena. Ng'ombe wa soko walitembea kwa miguu, mtama wa kaya haukuhitaji behewa, na abiria wa kijijini hawakutosha kulipia mafundi na walinzi wa njia. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 treni zilikoma, reli na mataruma vikaondolewa. Mwaka 1958 ile shule ya Wazungu ilifungwa, wanafunzi wakahamishiwa Iringa. Stesheni ilisimama bila njia.

Wageni wa mwaka 1964

Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amelisema wazi na mara nyingi: uhuru wa Tanganyika haujakamilika wakati majirani wangali chini ya ukoloni. Sasa walikuja watu waliohitaji mahali pa kukaa na kufanya mazoezi, mbali na mipaka na mbali na macho ya mji mkuu. Kongwa ilikuwa na sifa zote: bara, pakavu, na penye mabaki ya majengo yasiyo na mwenyewe.

Mwaka 1964 serikali ilitoa eneo la stesheni ya zamani kwa vyama vya ukombozi. FRELIMO ya Msumbiji walikuwa miongoni mwa wa kwanza, wakiwa na vijana waliorudi kutoka mafunzoni Algeria, Samora Machel akiwa mmoja wao. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo vita vya Msumbiji vilianza. SWAPO ya Namibia ilikuwa na kambi yake, kamanda wake akiwa Tobias Hainyeko. ANC ya Afrika Kusini ilileta wapiganaji wa jeshi lake, Umkhonto we Sizwe, waliotoka mafunzoni Umoja wa Kisovieti. Kamanda wao wa kwanza alikuwa Ambrose Makiwane, na Chris Hani aliishi hapo. ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola nao walipitia Kongwa.

Majengo machache yaliyokuwepo hayakutosha, kwa hiyo walifyeka, wakajenga, wakalima mboga na kufuga. Maisha ya kambi yalikuwa ya mazoezi ya alfajiri, masomo ya siasa, na zaidi ya yote kungoja. Kati ya Kongwa na nyumbani kwa Mwafrika Kusini palikuwa na nchi nzimanzima zilizoshikwa na wakoloni au walowezi. Kungoja huko kuliwatesa, na baadhi walitoroka kambini wakaenda Kenya. Heshima ya Kongwa ina pande mbili, wa ujasiri na wa uchovu, na hatuna sababu ya kuuficha huo wa pili.

Wengi walipata safari yao. Kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO liliondoka mwaka 1965, na tarehe 26 Agosti 1966 risasi za kwanza za vita vyao zililia Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia. Mwaka uliofuata, Mei 1967, Hainyeko aliuawa kwenye mto Zambezi. Agosti 1967 wapiganaji wa ANC, wengi wao watu wa Kongwa, waliingia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, pamoja na wenzao wa ZAPU na kupigana huko Wankie.

Wagogo waliishi na wageni hao kama majirani. Waliuziana vyakula, walicheza mpira, walioana. Wako watoto waliozaliwa Kongwa kwa baba waliotoka kusini ya mbali, na wako wapiganaji waliozikwa katika udongo uleule uliozikataa karanga. Wenyeji hawa, ambao mwaka 1946 hakuna aliyewaona kutoka ndani ya ndege, ndio waliobeba kwa miaka sehemu ya gharama ya uhuru wa Afrika: ardhi, maji na ukimya wa kulinda siri.

Pacha wa Kongwa kusini

Nachingwea ilipita njia inayofanana kwa namna ya ajabu. Huko pia mpango wa karanga ulijenga reli, ikianzia kwenye gati ndogo ya Mkwaya karibu na Lindi, na baadaye kutoka Mtwara, ambako ilijengwa bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954. Mzigo uliokusudiwa haukuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile nayo ilifungwa na kung'olewa. Kisha FRELIMO wakapewa shamba mojawapo la mpango lililoachwa, lililojulikana kama Farm 17, likawa kituo chao kikuu cha mafunzo hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Kilichobaki, na somo kwa Mara

Kongwa ya leo ni makao ya wilaya. Ranchi ipo, na kambi ya wapigania uhuru imetajwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa ukombozi wa Afrika. Biashara kubwa ya nafaka ya wilaya hiyo iko Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, kwenye soko la mahindi ambako malori hupakia kwenda mikoa mingine na nchi jirani. Soko hilo lilikua kwa sababu wakulima walikuwa na mahindi na wanunuzi walikuwa na njia. Mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zikipita bonde la Kinyasungwe. Kongwa haina stesheni ya reli hiyo.

Tunapaswa kuyatafakari haya hasa tunaoishi mahali ambapo treni haijafika kabisa. Mkoa wa Mara haujawahi kuwa na reli. Tangu mwaka 1928 reli iliyo karibu ndani ya nchi imeishia Mwanza, na mzigo wa Musoma ulitegemea meli. Kwa miaka mingi umekuwepo mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma, na hoja zinazosikika zaidi ni magadi ya Engaruka na Ziwa Natron pamoja na mizigo ya Uganda. Hoja hizo ni nzito, lakini ni ndugu wa hoja ya karanga: zinahesabu mzigo wa mbali na kumpita mwenyeji.

Kerende, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna watu wanaolima mahindi na mihogo, wanaofuga, na wanaofanya biashara hadi Sirari mpakani. Milimani Tarime kuna kahawa na ndizi. Upande wa Serengeti kuna pamba. Dhahabu husafiri kwa ndege na haitajaza behewa hata moja. Mahindi, ng'ombe, ndizi na abiria ndio watakaolijaza, iwapo stesheni itawekwa wanapoweza kuifikia na kwa nauli wanayoweza kuilipa. Mchoro wa njia hiyo utakapofunguliwa mezani, wakulima na wafugaji wa Kerende waitwe mapema, waulizwe wanauza nini, mwezi gani, na kwa nani. Swali hilo halikuulizwa Kongwa mwaka 1946, na stesheni yake haikuishi hata miaka kumi.